Hoja baadae, kwanza tuambie wewe wa nani

Kuna hadithi moja tunaipenda sana Zanzibar, kwamba zamani watu wakikaa barazani wakibishana kwa adabu mpaka inaadhiniwa, mtu anapinga lakini anapinga kwa heshima, halafu zikaja simu na magrupu ya WhatsApp yakaharibu kila kitu. Mie kazi yangu ni historia, magazeti ya zamani pale Nyaraka Kilimani nimekaa nayo sana tu, na nakwambieni hao wazee wetu walitukanana vibaya mno, tena kwa Kiswahili safi ambacho watukanaji wa leo hawakifikii hata robo. Chukua Mwongozi, gazeti la upande wa chama cha ZNP (Hizbu) ambalo Ali Muhsin ndo alikuwa mhariri wake, liweke karibu na Afrika Kwetu la upande wa pili, wa ASP (Afro-Shirazi), soma matoleo ya miaka ya 1950 utashika kichwa. Na yale yakisomwa kwa sauti barazani na kwenye mikahawa, mmoja anasoma wengine wote wanasikiliza na kuongeza chumvi, kwa hivo msiniambie habari za kufowadi kama kitu kipya.

Kwa hivo matusi mie hayanishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni swali. Mtu akitoa hoja unaweza kumuuliza anasema nini na ushahidi wake uko wapi, au unaweza kumuuliza yeye ni nani, katokea wapi, babu yake kashuka na jahazi gani. Ukisoma yale magazeti kwa mfululizo unaliona swali linavohama, mtu kaandika kuhusu skuli au bei ya karafuu au uhuru uje lini, anaemjibu wala haigusi ile habari, anakwenda moja kwa moja kwenye nani mwenye nchi na nani mgeni. Upande mmoja unasema nyie mmetoka Arabuni, upande wa pili unasema na nyie mmetoka bara. Hapo kitu cha kujadili hakipo tena maana asili yako huwezi kuibadilisha hata ukishindwa hoja mara mia.

Na likishahama swali haliishii mdomoni. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu walianza kususiana: wafuasi wa ASP wakasusa maduka ya Waarabu, wenye mashamba wakawafukuza watu walokuwa wakilima muhogo wao chini ya mikarafuu miaka nenda miaka rudi, hata kwenye gari mtu anaangalia kwanza ni ya nani ndo apande. Sasa mtu humuuzii, humziki, hupandi gari yake, utabishana nae wapi? Ile subira ya kumsikiliza mtu usiekubaliana nae haikutoka kwenye adabu peke yake, ilitoka kwenye kuhitajiana, kwamba huyu namdai, yule ananidai, na nikifa huyu ndo atakaeingia kaburini kunipokea. Ukishavunja hilo, mtu hana sababu ya kujizuia. Siku ya uchaguzi wa Juni 1961 zikaanza fujo, wakafa watu 68, wengi wao Wamanga, yaani Waarabu waliotoka Omani, wa mashamba.

Sasa kwanini sisi khasa? Mie jibu langu ni hesabu. Nchi hii mara nyingi kura zake zimekuwa nusu kwa nusu. Januari 1961 ASP viti 10, ZNP 9, chama cha tatu ZPPP 3, na kile kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu, moja! 1995 Salmin Amour wa CCM kapewa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. 2010 Dk. Shein 50.1 na Maalim 49.1. Ungetegemea mahali kama hapa watu washindane kushawishiana maana ukimgeuza jirani yako mmoja ushashinda, lakini imekuwa kinyume kabisa, kwa sababu kila mtu anaamini kura ya mwenzake anaijua kwa kijiji chake na ukoo wake, basi kazi inakuwa sio kumgeuza, ni kumhesabu, na akiwa sio wetu bora asihesabike. Ndo maana ugomvi wetu mkali kuliko wote hauko kwenye sera, uko kwenye daftari la wapiga kura, kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, nani kapewa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na nani kaambiwa rudi kesho.

Nitoe mfano mdogo. Pale Wete, Pemba, niliwahi kukaa baraza moja yakaingia mazungumzo ya karafuu, kama serikali kupitia shirika lake la biashara ZSTC ibakie mnunuzi peke yake au soko lifunguliwe, suala zuri kabisa lenye pande mbili za kweli. Bwana mmoja akasema, jamani mkiwafungulia wafanyabiashara watakuja msimu mzuri tu, bei ikianguka huko duniani hamtawaona, lakini serikali hata bei ikianguka itanunua. Mie nikategea masikio nikijua sasa tutasikia majibu, kuna cha kujibu pale, magendo ya kwenda Mombasa yanatokana na nini, mkulima anapata sehemu gani ya bei ya nje. Jibu lilokuja ni hili: "Yakhe, mwanao kaajiriwa wapi vile?" Watu wakacheka. Yule bwana akamaliza kahawa yake akanyamaza na karafuu zikaishia hapo.

Kuna wakati mambo yalifunguka kidogo. Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010 ikapita kwa asilimia 66.4, ikaja serikali ya umoja wa kitaifa, na ile miaka miwili mitatu ya mwanzo, hasa ulipoingia mjadala wa katiba na Muungano, ukawa unamkuta mtu wa CCM na wa CUF wako upande mmoja wa hoja wakimpinga mwengine wa CCM. Sijaona tena kitu kile. Mzee Hassan Nassor Moyo ndo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, waziri katika serikali ya mwanzo ya Mapinduzi, kadi ya CCM namba 7, huyu hata ukimuuliza wa nani utaona haya mwenyewe. Aliposimamia rai yake kuhusu Muungano, 2015 akafukuzwa chama. Oktoba mwaka ule ule uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF, na Pemba kususiana kukarudi, maduka na mazishi, vile vile.

Walokuwa wakikubaliana na Mzee Moyo wapo mpaka leo na wala hawajabadilisha mawazo, nawajua. Ila watakwambia mkiwa wawili njiani, tena simu kaizima kwanza.