Gavana wa mfalme: maana yake ni nini?

Mkenya akisikia neno gavana humfikiria mtu aliyepigiwa kura na watu wa kaunti yake. Gavana wa mfalme alipatikana kwa njia nyingine kabisa: aliteuliwa London kwa hati yenye muhuri wa mfalme wa Uingereza, akatumwa kutawala koloni kwa niaba yake. Katika karne ya 18, makoloni mengi ya Kiingereza huko Amerika Kaskazini yalitawaliwa hivyo. Pennsylvania, kwa upande wake, ilikuwa mali ya ukoo wa Penn, na walowezi wa Connecticut na Rhode Island walijichagulia gavana wao.

Ukisoma hati ya uteuzi utadhani huyu ni mfalme mdogo. Alikuwa na uwezo wa kukataa sheria, kulivunja baraza la wawakilishi na kuwaamuru wanamgambo. Sasa uliza nani alimlipa. Katika koloni la Massachusetts, baraza lilelile ndilo lililomtengea mshahara, tena wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1728 gavana mpya, William Burnet, alifika na maagizo ya London ya kudai pauni 1,000 kila mwaka, bila kujadiliwa upya. Wawakilishi wakagoma. Akawahamishia vikao kutoka Boston hadi mji wa Salem, wakashikilia msimamo wao. Burnet alifariki Septemba 1729, mvutano haujaisha.

Thomas Hutchinson ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu alikuwa mzaliwa wa Boston, mji mkuu wa Massachusetts. Usiku wa 26 Agosti 1765, akiwa naibu gavana, umati uliokasirishwa na kodi ya stempu, yaani kodi ya Uingereza kwenye hati na magazeti ya makoloni, uliivamia nyumba yake na kuipora, ilhali faraghani aliipinga kodi hiyo. Akawa gavana kamili mwaka 1771. Mwaka uliofuata mfalme akaanza kumlipa mwenyewe, kwa fedha za ushuru wa forodha. Walowezi wakahoji: asiyekula kwetu atatusikiliza vipi? Naona hoja yao ilikuwa nzito. Desemba 1773 walowezi walitaka meli zilizoleta Boston chai yenye kodi ya Uingereza zirudishwe na shehena yake; Hutchinson alikataa, nao wakaitupa chai baharini.

Juni 1774 alipanda meli kwenda Uingereza, akidhani atarudi. Huko aliandika kwamba afadhali afie katika nyumba ndogo ya shambani New England, eneo la makoloni lenye Massachusetts, kuliko katika jumba la bwana mkubwa wa Uingereza. Alifariki London mwaka 1780, akazikwa Croydon.