Katuni ya shabiki ni nini, na kwa nini herufi ndizo zinazoibeba

Kuna mtu anayezipenda hadithi fulani hata zikiisha, wahusika wake hawamtoki kichwani. Siku moja anachukua kalamu, anawachorea kisa kipya ambacho mwenye hadithi hakukiwaza. Alichochora ndicho katuni ya shabiki. Wahusika ni wa mwenye hadithi. Kisa, picha na maneno ni vya shabiki. Anayepakua kurasa za wenzake akazipandisha upya kwa jina lake ameiba tu. Anayefuta maneno ya Kijapani akaweka Kiswahili mahali pake ametafsiri, na hiyo ni kazi ngumu ya kuheshimiwa, ila ina jina lake tayari.

Wajapani huita dōjinshi vitabu ambavyo wachoraji hujichapishia wenyewe, vingi vyake vikiwa vya mashabiki, na soko lake kubwa, Comic Market, lilianza Tokyo Desemba 1975. Hapa Nairobi mapenzi ya namna hiyo tunayaona barabarani kila siku, kwenye ubavu wa matatu yenye sura ya mwanasoka au mwanamuziki. Na kuhusu kutia Kiswahili ndani ya katuni, hatuanzi sifuri. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walikua na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, na tangu 2010 Shujaaz wamewaongelesha vijana kwa Sheng. Hizo si katuni za shabiki, lakini zilitufundisha kuisikia lugha yetu ndani ya kiputo.

Kiputo ni lile duara lenye mkia unaoelekea kinywani mwa msemaji. Hapo ndipo chipukizi wengi huanguka. Picha yenye mkono uliopinda vibaya msomaji huisamehe, maana ameshaelewa kwamba huo ni mkono. Neno asiloweza kulisoma halisamehe, kwa sababu kisa kimemkatikia hapo.

Ukurasa wangu wa kwanza niliuchora kwenye karatasi ya A4, nikaandika maneno kwa mkono, nikaupiga picha na kumtumia rafiki yangu. Jibu lake lilikuwa swali: "Hapa amesema nini?" Hesabu yake ni nyepesi. A4 ina upana wa sentimita 21, na skrini ya simu ni kama 7, kwa hiyo ukurasa mzima ulipunguzwa mara tatu. Herufi niliyoiandika kwa milimita 3 ilimfikia ikiwa milimita 1. Tangu hapo nachora kwa upana wa pikseli 800, fremu, yaani visanduku vya picha, zikishuka moja chini ya nyingine kwa ajili ya kidole kinachosukuma skrini, na herufi hazipungui pikseli 23 kwenda juu. Kwenye simu hizo ni kama milimita 2, na mtu aliyesimama ndani ya matatu ya jioni anazisoma bila kuileta simu puani. Programu za bure zinatosha kabisa: Krita kwenye kompyuta, ibisPaint au MediBang kwenye simu. Maneno yaweke kwenye tabaka (layer) lake peke yake, ili ukikosea silabi usilazimike kufuta uso wa mtu.

Sasa Kiswahili chenyewe. Mafunzo mengi ya kuandika herufi za katuni yametungwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi. Sisi tunasema SITAKUAMBIA, neno moja lenye herufi 11, na halikubali kuingia kwenye kiputo chembamba. Kwa hiyo andika maneno kwanza, kisha kiputo, kisha ndipo upange sura itakaa wapi. Anayeanza na picha huishia kumfunika mhusika wake jicho. Chukua mfano huu:

SITAKUAMBIA
NILIKOKUWA
JANA USIKU

Mistari mitatu inayokaribiana urefu, na kila mstari ni pumzi moja. Kiputo kinakaa vizuri, na msomaji anasikia ukaidi wa msemaji. Neno likikushinda urefu, likate kwenye kiungo chake. NITAKAPOKURUDISHIA ligawe NITAKAPO- kisha KURUDISHIA, kwa kuwa sikio letu tayari linayajua maungio ya viambishi. Usiache S upande mmoja na H upande wa pili. Sauti ya SH ni moja, na ukiipasua msomaji atajikwaa. CH, NY na NG' nazo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuchagua fonti, ijaribu kwa NG'OMBE uone kama ile alama imekaa mahali pake.

Na kuna jambo la herufi I ambalo mafunzo hayo hayatakwambia. Katika katuni za Kiingereza, I yenye kofia na kiatu (kistari juu na kistari chini) hutengwa kwa neno la "mimi" peke yake. Ndani ya maneno mengine huwekwa I iliyo fimbo tupu. Fonti nyingi za katuni zimepangwa kwa sheria hiyo: ukibonyeza herufi kubwa unapata yenye kofia, ukibonyeza ndogo unapata fimbo, ingawa zote huonekana kama herufi kubwa. Kiswahili hakina neno hilo la herufi moja, na I zetu ni nyingi mno. Andika NINI au SIKIMBII kwa herufi kubwa utaona uzio wa miti. Chapa kwa herufi ndogo, na ukurasa utapumua.

Ninapopapenda zaidi ni kwenye sauti. Mchoraji wa Nairobi anayeandika SPLASH mhusika akitumbukia Mto Athi amesahau alichofundishwa darasani. Tuna tanakali za sauti! Majini mtu huanguka chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu. Hizo zisikae ndani ya kiputo. Zichore kwa mkono juu ya picha yenyewe: CHUBWI iliyonona katikati na matone pembeni, TIFU iliyofifia kama vumbi. Wachoraji wa manga, katuni za Kijapani, huandika hata sauti ya ukimya, nao husema shiin. Nilipoijua hiyo nilifurahi sana, kwa sababu bibi zetu walikuwa nayo tangu zamani: kimya jii.

Kisheria, uwe mwangalifu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuigeuza kazi ya mtu kuwa kazi nyingine ni haki ya mwenye kazi, na haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kutotoza pesa hakukupi ruhusa. Wenye hadithi wengi huwavumilia mashabiki, lakini uvumilivu huo wanaweza kuuondoa wakati wowote. Mtaje mwenye wahusika kwenye fremu ya kwanza, usiuze, na akikwambia ondoa, ondoa.

Katika kushuka kwa fremu, nafasi iliyo wazi kati yake ndiyo muda. Fremu zikibanana, mambo yanaenda mbio. Ukiacha pengo refu jeupe, kidole kinasukuma na moyo unangoja. Katika kisa ninachokichora sasa, dada mkubwa anauliza swali, halafu chini yake nimeacha pikseli 900 tupu, karibu nusu ya skrini, na katikati kabisa nimeandika jii, kwa herufi ndogo, bila kiputo.