Radikali huru si sumu tupu

Ukipita Kariakoo, au hata ukiwa ndani ya daladala, utauziwa vidonge vya "kusafisha radikali huru". Hoja ya muuzaji ni nyepesi: radikali huru za oksijeni, yaani molekuli zenye oksijeni na elektroni isiyo na mwenzake, ni sumu, kwa hiyo ukimeza antioksidanti (vitu vinavyozizima) nyingi zaidi, afya inazidi kunawiri. Sivyo.

Radikali hizo huzalishwa na mwili wenyewe, hasa kwenye mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, pale seli zinapotumia oksijeni kupata nishati. Zikizidi huharibu utando wa seli, protini na DNA. Hapo muuzaji hajakosea. Lakini chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi ili kuua bakteria. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu kwenye kimeng'enya cha kazi hiyo huandamwa na maambukizi mazito.

Tena mwili una kinga yake. Superoksidi dismutasi, kimeng'enya kilichoelezwa na wanasayansi McCord na Fridovich mwaka 1969, hugeuza superoksidi, mojawapo ya radikali hizo, kuwa oksijeni na peroksidi ya hidrojeni. Kisha kimeng'enya kingine, katalasi, huivunja peroksidi hiyo ikabaki maji na oksijeni.

Na vidonge? Huko Ufini, wanaume wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyomo pia kwenye mboga na matunda, walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, matokeo yaliyochapishwa 1994. Mchicha na maembe ya sokoni, wewe kula tu. Waliopimwa kule Ufini walimeza vidonge, si chakula.