Mfanyakazi wa mkataba Tanzania: analipwaje, anakatwaje na NSSF yake inaendaje

Mfanyakazi wa mkataba ni yule anayefanya kazi kwa makubaliano yenye mwisho, miezi sita, mwaka, miaka miwili au mpaka mradi uishe. Hapo wote tunaelewana, ila kuna kitu watu wengi wanasaini bila kukiangalia na ndo kinaamua kila shilingi yako: je umeajiriwa kwa muda maalumu, au unauza huduma yako kama mtu binafsi, yaani konsaltanti? Unaweza kukaa ofisi moja na mwenzako, kazi ileile, mnalipwa tarehe moja, lakini yeye kwa sheria ni mwajiriwa na wewe ni mfanyabiashara.

Tuanze na aliyeajiriwa. Huyu anakatwa kama mfanyakazi wa kudumu tu, mkataba kuwa mfupi haubadilishi kitu. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida 10 inatoka kwako na 10 anaweka mwajiri juu ya mshahara wako. Baada ya kutoa ile 10 yako ndo inapigwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwenye PAYE laki mbili na sabini za kwanza kwa mwezi hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi milioni moja ni 25, na kinachozidi milioni ni 30. Hiyo 30 inagusa kile kilichozidi tu, sio mshahara wote, maana kuna watu wanaogopa kuongezwa mshahara eti kodi itaumeza, hapana haiko hivyo.

Chukua mshahara wa 1,200,000. NSSF yako 120,000, inabaki 1,080,000 ya kupigiwa kodi, PAYE inakuja 152,000, mkononi unabaki na 928,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo inaondoka, mkataba au sio mkataba. Mwajiri upande wake analipa 120,000 ya NSSF, asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia WCF, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi analipa na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5. Kwahiyo wewe wa 1,200,000 unamgharimu kama 1,368,000, na bado hujahesabu likizo ya siku 28 yenye malipo.

Sasa konsaltanti wa hiyo hiyo 1,200,000. Anakatwa kodi ya zuio, ile anayoizuia anayemlipa, asilimia 5 basi, yaani 60,000, anaondoka na 1,140,000. Anamzidi aliyeajiriwa 212,000 kila mwezi na hapo ndo vijana wengi wanasema nipeni huo mkataba haraka. Ngoja kwanza.

Ile asilimia 5 sio kodi yako yote, ni malipo ya awali tu. Mwaka ukiisha TRA, mamlaka ya mapato, wanataka ritani yako, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka mzima, na wanaouza huduma za kitaalamu hawaingii kwenye ile kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, wanapigiwa hesabu ya faida kwa viwango vilevile vya mtu binafsi. Tuseme kwa mwaka umeingiza 14,400,000 na una matumizi halali ya kazi ya milioni 2 yenye risiti, faida ni 12,400,000, kodi yake ni 1,656,000. Zuio lilishachukua 720,000, kwahiyo bado unadaiwa 936,000, hela ambayo wengi walishaila zamani. Kisheria unatakiwa ufanye makadirio mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, halafu ritani ya mwisho iende kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Na kila ukikatwa zuio dai cheti chake, kwasababu bila cheti ni ngumu kuonyesha TRA kwamba ile 720,000 ililipwa kwa jina lako.

Alafu njoo NSSF, na hapa ndo panauma kuliko kodi. Aliyeajiriwa ana 240,000 inaingia kila mwezi kwa jina lake, kwa mwaka 2,880,000. Ukijumlisha na kinachobaki mkononi anafikisha 14,016,000. Konsaltanti baada ya kodi ana 12,744,000, na zile milioni 2 za matumizi ya kazi zinatoka humohumo, na hana akiba hata mia. Yule aliyeonekana kazidiwa kila mwezi ndo yuko mbele.

Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kwa mtu wa mikataba miezi hiyo inakusanywa kidogokidogo kutoka kwa waajiri tofauti, ukikaa bila kazi miezi mitano ile ya nyuma haipotei, inasubiri. Kwahiyo namba ya uanachama ni moja maisha yote, kila mwajiri mpya mpe hiyohiyo usikubali kufunguliwa nyingine, na angalia michango yako mara kwa mara usisubiri mkataba uishe, maana kuna waajiri wanakata kwenye slipu na hawapeleki. Kuna pia fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe. Konsaltanti hana hilo, ila anaruhusiwa kujiunga NSSF kama mtu aliyejiajiri na kuchangia mwenyewe, na mimi namwambia afanye hivyo kuanzia malipo ya kwanza kabisa.

Kiinua mgongo kinachanganya wengi. Kile cha sheria, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hakilipwi kama mkataba umeisha tu kwa muda wake. Kwahiyo kama unategemea pesa ya mwisho wa mkataba lazima iwe imeandikwa humo ndani na asilimia yake, na ikilipwa nayo inakatwa PAYE. Kiinua mgongo hakifuti NSSF, mwajiri wa sekta binafsi akikwambia atakupa hicho badala ya kuchangia anakudanganya.

Kuna ofisi zinaita watu konsaltanti wakati wanaingia saa mbili asubuhi, wana bosi, wanatumia kompyuta ya ofisi na hawana mteja mwingine. Hiyo ni kuwanyima watu haki yao na sheria inaijua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kama mwajiriwa ikiwa hata kigezo kimoja kipo, mfano anasimamiwa namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa, anamtegemea huyo mmoja kiuchumi, au kwa miezi mitatu amefanya kwa wastani saa 45 kwa mwezi. Jina lililoandikwa juu ya karatasi haliamui. Tunza mkataba, slipu, meseji za maelekezo ya kazi na rekodi za kuingia ofisini, ndo ushahidi utakaopeleka CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, mkishindwa kuelewana.