Kolesteroli Nyingi Haitoki Sahanini

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba kolesteroli ni sumu inayoletwa na chakula, na kwamba anayeacha kiini cha yai amekwisha kuiepuka. Imani hiyo si sahihi. Sehemu kubwa ya kolesteroli, ambayo ni kitu cha aina ya mafuta, takriban robo tatu kwa watu wengi, hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini, kwa sababu bila hiyo utando wa seli usingekuwa imara, wala mwili usingeweza kuunda nyongo, vitamini D na homoni kama estrojeni na kotisoli. Kwa kuwa haiyeyuki katika maji, husafiri ndani ya damu katika vifurushi vya mafuta na protini: aina iitwayo LDL huipeleka kwenye seli, na aina iitwayo HDL hurudisha iliyozidi kwenye ini. Hatari, ambayo ni ya kweli kabisa, huja LDL inapozidi na kujipenyeza katika kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mafuta yanayoganda, kama ya wanyama, huipandisha LDL kuliko kolesteroli iliyomo katika chakula, kwani hulifanya ini liiondoe polepole katika damu. Urithi nao una nguvu, hivyo mtu anayekula kwa uangalifu mkubwa huenda bado akahitaji dawa, naye hastahili lawama.