Kufikiri: yanayosemwa na yaliyopimwa

Lile la kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo tulimalize mapema. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ila hula karibu asilimia 20 ya nishati hata mtu akiwa amepumzika. Mwili haulishi kiungo kwa gharama hiyo ili sehemu kubwa ikae bure, na kiharusi kikipiga sehemu ndogo tu chaweza kumnyima mtu usemi. Dhana zilizobaki zinahitaji maelezo zaidi.

Dhana: anayekosa swali la mantiki hana mantiki

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alitunga fumbo la kadi nne. Chukua kadi zinazoonyesha A, K, 4 na 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Utageuza zipi, bila kuzidisha, ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Wengi hujibu A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuvunja chochote. Hata ikikutwa na K, hakuna aliyesema namba shufwa ni za irabu tu. Lakini 7 ikiwa na irabu nyuma, kanuni imekwisha. Kwa kawaida anayepata ni mmoja kati ya kumi hivi, wanafunzi wa vyuo wakiwemo.

Mwaka 1982 watafiti Griggs na Cox walilibadilishia swali hilo mavazi huko Florida: anayekunywa bia lazima awe amezidi miaka 19. Kadi zilikuwa bia, soda, 22 na 16. Karibu robo tatu walichagua bia na 16 bila shida. Mantiki ni ile ile. Watafiti wanabishana hadi leo kuhusu sababu: wengine wanasema akili zetu zimenolewa kuwanasa wanaokiuka masharti, wengine wanasema swali lenyewe limegeuka, kwa kuwa sharti hukuonyesha mkosaji ni nani ilhali kanuni kavu haikuonyeshi. Vyovyote iwavyo, lipo la kufanya. Ukipewa kanuni, usitafute mifano inayokubaliana nayo. Jiulize mvunjaji wake angeonekanaje, kisha mtafute huyo.

Dhana: asiyesoma hawezi kuunganisha hoja

Chanzo kimoja cha imani hii ni kazi ya mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria, aliyewahoji wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Aliwauliza hivi: Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi ya wasiosoma walijibu kwamba hawajafika huko, aulizwe aliyefika.

Litazame jibu hilo vizuri. "Sijaona, kwa hiyo sisemi" ni hoja iliyonyooka. Walichokataa ni kujenga juu ya kauli ya mgeni wasiyoweza kuihakikisha. Watafiti Scribner na Cole walikuta majibu ya aina hiyo Liberia, na miaka michache tu ya darasani iliyabadilisha. Nao watafiti Dias na Harris waliona watoto wadogo wakifanya vizuri zaidi walipoambiwa kwamba kisa kinatokea sayari nyingine. Shule, basi, haipandi mantiki mahali ambapo haikuwepo. Inazoeza watu kukubali "tuseme kwamba" na kubaki ndani yake.

Dhana: kipimo kinachonasa asilimia 90 ya wagonjwa kikitoa jibu chanya, uwezekano wa kuumwa ni asilimia 90

Hapa hata madaktari hujikwaa. Acha asilimia, hesabu watu. Wanawake 1,000 wasio na dalili wanachunguzwa saratani ya matiti. Tuseme 10 wanayo. Kipimo kinawanasa 9. Kati ya 990 wasio nayo, kinakosea kwa asilimia 9, yaani watu 89. Wenye jibu chanya ni 98, wagonjwa kati yao ni 9: chini kidogo ya mmoja kati ya kumi.

Kosa hutokea kwa sababu 90 ile ni sehemu ya wagonjwa tu, nayo 9 ni ya wazima, ambao ni kundi kubwa mno. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer aliwapa madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake nchini Ujerumani swali la namna hii. Asilimia 21 walipata. Baada ya kufundishwa kugeuza asilimia kuwa watu, wakawa asilimia 87.

Angalizo: mwenye uvimbe tayari haingii kwenye hesabu hii, kwani anaanza na uwezekano mkubwa zaidi. Na jibu chanya halipuuzwi. Linafuatwa na kipimo cha kuthibitisha.

Dhana: mwenye akili kali hapotoshwi na upande wake

Mwaka 2013 mtafiti Dan Kahan na wenzake waliwapa Wamarekani jedwali moja la namba. Kwa baadhi lilihusu dawa ya kupaka ngozi, kwa wengine marufuku ya kubeba bastola. Kwenye dawa, hodari wa hesabu walipata zaidi. Kwenye bastola, walipata hasa pale jibu lilipopendeza siasa zao, na pengo kati ya pande mbili lilikuwa pana kwao kuliko kwa wasiojua hesabu.

Kumwambia mtu "usipendelee" hakusaidii. Wanasaikolojia Lord, Lepper na Preston walilijaribu hilo mwaka 1984 na likagonga mwamba. Kilichopunguza upendeleo ni swali walilowapa watu wajiulize wakati wa kusoma: utafiti huu huu, kwa mbinu hizi hizi, ungekuwa umetoa matokeo ya upande wa pili, ningeukosoa vipi?