Meza ya maabara huanza kufa ukingoni

Anayeniita kumshauri kuhusu meza za maabara huniuliza karibu kila mara: uso upi ni bora, epoksi au stenlesi? Kabla ya kumjibu namtaka anitajie mambo matatu: kemikali zitakazomiminwa juu ya meza hiyo, vyombo vya moto vitakavyotuliwa hapo, na dawa atakayopangusia msafishaji jioni. Hilo la tatu huwashangaza wengi. Lakini nyuso nyingi nilizoziona zimeharibika hazikuharibiwa na jaribio lolote. Ziliharibiwa na usafi.

Chukua stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Maabara za vijidudu huipenda kwa sababu hainyonyi kitu, haiogopi joto wala vimumunyisho kama asetoni, na huweza kuungwa kwa kulehemu pamoja na sinki bila kuacha mwanya. Kinachoilinda ni utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu juu yake. Adui wa utando huo ni kloridi. Ukipangusa kwa maji ya jiki kila siku na kuyaacha yakaukie pale pale, baada ya muda utaona vitundu vidogo vya kahawia, na kila kitundu ni kibanda cha vijidudu vilevile ulivyokuwa ukivifukuza. Aina ya stenlesi iitwayo 316 ina metali ya molibdeni kiasi cha asilimia 2 hadi 3, kwa hiyo huvumilia zaidi kuliko aina ya 304, lakini kuvumilia kuna mwisho. Iache dawa ikae muda wake, kisha suuza kwa maji safi na kukausha. Asidi ya hidrokloriki usiiweke kabisa kwenye meza hiyo. Na stilwaya ya jikoni ipigwe marufuku: huacha chembe za chuma cha kawaida, chembe hizo hushika kutu, halafu watu humlaumu muuzaji kwamba amewauzia chuma bandia.

Epoksi, yaani plastiki ngumu isiyoyeyuka tena ikishaganda, ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kwa kemia ya kawaida. Humiminwa kwenye kalibu na kugandishwa, hivyo kilichopo juu ndicho kilichopo ndani na chini. Mkwaruzo haufunui tabaka jingine dhaifu. Unene wa kawaida ni milimita 19 au 25, na uzito wake si mchezo: hakikisha kabati zilizo chini zinaweza kuubeba kabla hujaagiza. Udhaifu wake ni mshtuko wa joto. Chombo kilichotoka kwenye tanuri kikiwekwa moja kwa moja juu yake kinaweza kuipasua, kwa hiyo weka kigae cha kauri kando ya tanuri na uwazoeshe watu kukitumia. Asidi ya hidrofloriki nayo hushambulia silika, yaani unga wa madini ya mchanga, iliyochanganywa ndani ya epoksi. Hushambulia pia kauri, ambayo kwa joto haina mshindani. Kwa asidi hiyo nyuso za polipropilini, aina ya plastiki, ndizo zinazofaa, na zinafaa vilevile pale mnapopima metali kwa viwango vidogo mno, maana hapo hutaki chuma chochote karibu. Ila usizipelekee moto; hulainika.

Fenoliki ni karatasi nyingi zilizoloweshwa gundi ya fenoliki na kushindiliwa pamoja kwa joto. Ni nyepesi kuliko epoksi na fundi huikata kwa urahisi zaidi. Alkali kali zilizokolea huiumiza, basi.

Sasa zile za bei nafuu. Fomeka iliyobandikwa juu ya chipubodi inatosha kabisa kwa meza ya kompyuta na ya kuandikia matokeo, na sioni sababu ya kutumia fedha ya epoksi pale pasipomwagika kitu. Lakini isisogee karibu na sinki. Maji hayapiti juu, hupita ubavuni. Chipubodi ikishavimba hairudi ilivyokuwa. Terazo yenye vipande vya marumaru hutoa povu ikiguswa na asidi, kwa kuwa marumaru ni kalsiamu kaboneti. Vigae vyenyewe ni vigumu, lakini saruji iliyo kati yake hunywa kila kitu na haioshiki.

Muuzaji makini atakuonyesha jedwali la majaribio. Linalotajwa sana ni la SEFA 3, kiwango cha chama cha watengenezaji wa vifaa na samani za maabara: kemikali 49, kila moja huachwa juu ya uso kwa saa 24, kisha matokeo hupewa alama kuanzia 0, ambapo hakuna badiliko lolote, hadi 3, ambapo uharibifu ni dhahiri. Jedwali hilo ni zuri, ila lisome kwa macho yako. Alama 3 kwenye kemikali ambayo hamtaitumia hata siku moja haina maana kwenu. Na saa 24 za tone moja si sawa na miaka ya kupanguswa. Mimi huomba kipande cha sampuli, kisha naweka juu yake rangi za kupaka slaidi, nitrati ya fedha, na dawa ileile ya kusafishia, nikifunika nusu ya matone kwa kioo ili yasikauke. Siku ya pili pitisha ukucha. Rangi imebadilika lakini uso ni laini? Hilo ni doa, unaweza kuishi nalo. Ukucha ukikwama, uso umeliwa.

Nimesema meza huanza kufa ukingoni, na hapa ndipo ningependa ukaguzi wako uelekee. Piga magoti utazame chini ya ukingo wa mbele. Je, kuna mfereji mwembamba uliochongwa ili tone lidondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye droo? Bila huo, kila kinachomwagika huishia ndani ya kabati, na bawaba zitakuwa za kwanza kuoza. Palipo na vimiminika vingi, agiza ukingo ulioinuliwa kidogo. Angalia maungio na mzunguko wa sinki: silikoni ikianza kubanduka au kuwa nyeusi, kata yote, safisha, kausha, weka mpya. Kupaka silikoni mpya juu ya kuukuu ni kufungia unyevu ndani.

Samani nyingine nitazipitia haraka. Meza ya kusimama huwa na kimo cha sentimita 90 hivi, ya kukaa 75. Viti viwe vimefunikwa kwa kitu kisichonyonya, kamwe visiwe vya kitambaa. Mwongozo wa usalama wa kibiolojia wa Marekani, BMBL, unalitaja hilo waziwazi, pamoja na kwamba nafasi kati ya meza, kabati na mashine ziweze kufikiwa na msafishaji. Mizani inayosoma hadi miligramu 0.1 iwe na meza yake nzito isiyogusana na nyingine, mbali na sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi), mlango na upepo wa kiyoyozi.

Kuhusu kusafisha, alkoholi ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko ile ya 96, kwa sababu maji yaliyomo husaidia kuharibu protini; ya 96 tena hukauka kabla haijamaliza kazi. Doa la pamanganeti hutoka kwa mmumunyo wa vitamini C, la iodini kwa thiosalfeti ya sodiamu. Jiki usiichanganye na asidi wala amonia. Wanaochambua DNA wasikilize hapa hasa: vimiminika vingi vya kuchopolea DNA vina guanidini thiosayaneti, na hiyo ikikutana na jiki hutoa gesi za sumu. Vikimwagika, futa kwa sabuni na maji kwanza, jiki ikae mbali.

Na siku mafundi wanapofunga meza, waambie wasitupe kipande kinachobaki baada ya kukata tundu la sinki. Andika nyuma yake jina la uso, mtengenezaji na mwaka, ukiweke kabatini. Meneja wa manunuzi atakapoleta dawa mpya ya kusafishia, ijaribiwe kwanza kwenye kipande hicho.